Wenye leseni ya bastola, chagueni ala kabla ya shati

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na watu wachache, ingawa jambo lenyewe linawagusa wengi wanaoketi nao kwenye matatu, mkahawani na barazani. Ni wale wenye leseni ya bastola hapa Malindi, na ala, yaani mfuko wa bastola, wanayoibebea wakiwa na nguo za kila siku.

Aliye Nairobi ana koti, na koti husitiri mengi. Huku kwetu koti ni la harusi na la mahakamani. Siku nyingine zote mtu yuko na shati jepesi lisilochomekewa, kaptura, kikoi au kanzu, na jasho juu yake. Mwenye bastola basi hujulikana kwa mkono wake. Ameshuka kwenye tuktuk, mkono kiunoni. Ameketi, mkono kiunoni. Ameinuka kulipa chai, mkono kiunoni. Mkono ule hutangaza kuliko shati la kubana, na haupelekwi na kiburi. Unakwenda kwa sababu kuna kitu kinamchoma, kinateleza au kinamvuta suruali chini. Akishachoka huitoa, akaisukumiza kwenye droo ya gari au akaiweka chini ya gazeti mezani. Hapo ndipo bastola huibwa, husahaulika, au huangukia mikononi mwa mtoto. Kwa hiyo anayetafuta ala ya starehe asionekane anadeka. Ala isiyoumiza ndiyo inayokaa mwilini, na bastola iliyo mwilini mwa mwenyewe ndiyo iliyo salama. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inamtaka mwenye cheti ailinde silaha yake isipotee wala isimfikie asiyeruhusiwa, na ulinzi huo hauishii kwenye sefu ya nyumbani.

Kuna jambo moja halina mjadala. Ala lazima ifunike triga na kikingio chake chote, yaani ule upinde unaoizunguka, pande zote mbili, kwa kitu kigumu kisichobonyea. Kuipima ni rahisi. Toa magazini, vuta nyuma slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, itazame chemba inamokaa risasi kwa macho kisha iguse kwa kidole uhakikishe ni tupu, na risasi uzipeleke chumba kingine. Sasa iingize bastola ndani ya ala, ubonyeze kwa kidole gumba kutoka nje, pale triga ilipo. Ukihisi triga inasogea, au kidole kikipata upenyo wa kupenya, irudishe ala dukani hata kama ni ya bei mbaya. Bastola aina ya Glock haina kufuli ya usalama ya kidole gumba. Kizuizi chake cha nje kimo kwenye triga yenyewe, kwa hiyo chochote kitakachoivuta, kiwe kidole, pindo la shati au kifundo cha kamba ya kaptura, kitafyatua. Ceska 75 nyingi zina kufuli hiyo, lakini kufuli huweza kusahaulika wazi, wala haiondoi haja ya ala.

Jaribio la pili, bastola ikiwa bado tupu: igeuze ala kichwa chini juu ya godoro, uitikise mara kadhaa. Isidondoke. Lakini ukiivuta kwa mkono mmoja itoke bila kupanda na ala nzima. Ala za plastiki ngumu huwa na skrubu moja au mbili zenye vipete vya raba. Ukizikaza, ala inabana zaidi, ukizilegeza inaachia. Zungusha robo duara, jaribu, kisha robo nyingine. Ukipata kipimo chako, tia tone la gundi ya skrubu, ile ya buluu inayofunguka kwa bisibisi. Mtikisiko wa bodaboda hulegeza skrubu bila mtu kujua, na mwisho utaisikia ala inacheza au utakuta kibanio kimebaki peke yake kwenye mkanda.

Sasa kuhusu kitu ilichotengenezwa, na hapa pwani ina hukumu yake. Ala laini za nailoni zinazouzwa kwamba zinaingia bastola yoyote mimi nazikataa moja kwa moja. Kinachoingia kila bastola hakikamati hata moja. Kitambaa kinabonyea juu ya triga, na ukishaitoa bastola, mdomo wa ala unajifunga, ikabidi utumie mkono wa pili kuufungua huku mdomo wa mtutu ukielekea kwenye vidole vyako.

Ngozi ni nzuri mwilini, sikatai. Hujifinyanga kufuata kiuno, haipigi kelele, haikwaruzi. Adui yake ni jasho la Kaskazi na chumvi. Ngozi hunyonya, hulainika, na baada ya miezi kadhaa ya kuvaliwa kila siku mdomo wake huanza kukunjika kwa ndani. Kunjo hilo likiingia kwenye kikingio cha triga wakati mtu anairudisha bastola, ngozi inafanya kazi ya kidole. Watu wamejipiga risasi ya paja na kiuno kwa njia hiyo. Anayependa ngozi achague yenye mdomo ulioimarishwa kwa ukanda wa pili wa ngozi au bati jembamba ndani yake, aukague kila wiki, na akiona umeanza kulegea aitupe. Na asiilaze bastola usiku ndani ya ala ya ngozi. Unyevu ulioingia mchana hubaki humo, na dawa zilizotumika kutengenezea ngozi husaidia kutu.

Plastiki ngumu aina ya Kydex ndiyo ninayoipa kura kwa hali ya hewa ya huku. Hainyonyi jasho, mdomo wake haujifungi, na huoshwa kwa maji baridi na sabuni kisha ikaanikwa kivulini. Kasoro zake ni mbili. Kingo zake zikiwa hazikupigwa msasa vizuri hukata ngozi ya mtu. Pitisha kidole kote kabla ya kulipa. Pili, usiiache juu ya dashibodi ya gari lililofungwa vioo juani, kwa maana inaweza kupinda, na ala iliyopinda hata kidogo haikamati tena ilivyokuwa ikikamata. Mchanga wa ufukweni nao ukiingia ndani huchubua bastola kila ikipita, kwa hiyo ala ikungʼutwe.

Zipo zilizochanganywa, mgongo wa ngozi au sponji ngumu, na uso wa plastiki. Ni za starehe sana kwa wenye tumbo, lakini mgongo wake mpana huleta joto na jasho jingi, nao hulainika kama ngozi ya kawaida.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanatumia fedha zote kwenye ala, halafu wanaifunga kwa mkanda wa mitumba. Glock 19 ina uzito wa takriban gramu 600 bila magazini, na ikijazwa hukaribia gramu 850. Ceska 75 iliyo tupu tu ni karibu kilo nzima. Uzito huo wote unaningʼinia upande mmoja. Mkanda laini hupinda, mpini wa bastola unalala kwa nje mbali na mwili, na hapo ndipo shati huinuka na kuchora umbo. Mwenyewe hudhani shati ni dogo, akanunua kubwa zaidi, kisha kubwa zaidi, mpaka anafanana na pazia. Tatizo ni mkanda. Tafuta wenye upana wa nchi moja na nusu, yaani milimita 38, wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja au wenye ukanda wa plastiki katikati. Ushike ubavu kwa ubavu ujaribu kuukunja upande wa upana wake: ukikunjika kirahisi, si wa kazi hii. Kibanio cha ala kilingane na upana huo. Mkanda wa nchi moja ndani ya kibanio cha nchi moja na nusu utaiacha ala ipande na kushuka kila hatua, na siku ya kuivuta bastola itatoka pamoja na ala yake. Kibanio kiwe na ndoano inayoshika ukingo wa chini wa mkanda. Visivyo na ndoano vinashika kitambaa cha suruali tu.

Suruali ya kubebea ala ndani ya kiuno izidi kipimo chako kwa nchi moja au mbili. Anayevaa 34 anunue 36. Kulazimisha ala ndani ya suruali iliyokubana tangu mwanzo ndiko kunakoleta michubuko, halafu lawama wanatupiwa waliotengeneza ala.

Mahali pa kuiweka panategemea mwili na kazi ya mtu. Kwa mtumiaji wa mkono wa kulia, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga ya kulia ndipo panapowafaa wengi. Pana shimo la asili pale, na ala ikiinamishwa mbele digrii 10 hadi 15 mpini hufuata mbavu badala ya kusimama wima. Udhaifu wake ni kuinama. Ukiokota kitu chini, shati hubana mgongoni na mpini huchomoza, kwa hiyo jizoeze kuchutama kwa magoti. Juu ya mfupa wenyewe sipashauri, kwa sababu chuma juu ya mfupa huleta maumivu ndani ya saa moja.

Mbele, kati ya kitovu na nyonga, panaficha vizuri zaidi chini ya shati la nje, na mwenyewe anauona mpini wake muda wote. Ala za mahali hapa huwa na kidole cha plastiki kinachosukuma mkanda kwa ndani ili mpini ulale mwilini, na nyingine huwa na kabari ya sponji upande wa mdomo wa mtutu. Vitu hivyo viwili vidogo hubadilisha kila kitu. Ala ya mbele isiyo na hata kimoja kati ya hivyo itachora tu. Lakini mahali hapa mtutu unatazama paja na sehemu za siri. Kwa sababu hiyo, usiirudishe bastola ndani ya ala iliyo tayari kiunoni. Toa ala, ingiza bastola, kisha vaa vyote pamoja. Tena panafaa viti virefu. Ukiketi kwenye mkeka, au kwenye baraza fupi la mawe kama yale ya Mji wa Kale wa Lamu, magoti hupanda na mtutu hukuchoma kwenye kinena.

Katikati ya uti wa mgongo hapafai kabisa. Ukianguka chali kutoka kwenye bodaboda unaangukia chuma juu ya uti, na mtu yeyote aliye nyuma yako kwenye foleni anaifikia kabla yako.

Ala za nje ya suruali ni za starehe kuliko zote, lakini hutaka shati refu na nene, na hilo hapa halivumiliki. Ala ya kifundo cha mguu haina maana kwa mvaaji wa kaptura na makubadhi. Ya mfukoni inafaa bastola ndogo tu, nayo lazima iwe na ala yake ya kufunika triga, na mfuko huo usiingie funguo, sarafu wala simu.

Shati lenyewe: pindo lishuke chini ya mkanda kama sentimita 10 hadi 15, likatwe mkato wa moja kwa moja kuzunguka, na liwe la maua, mistari au rangi ya giza. Kitani cheupe ni kizuri machoni, ila jua la jioni likiwa nyuma yako kila kilicho ndani kinaonekana. Ndani vaa fulana nyembamba kati ya ngozi na ala. Watu huiacha kwa ajili ya joto, na ndiyo inayozuia mchubuko na kupunguza jasho linalofika kwenye chuma. Jipime mbele ya kioo, bastola ikiwa tupu: inua mikono kana kwamba unafikia rafu ya juu, inama, keti, geuka.

Kikoi hakina mkanda, na kisibebe chuma. Kile kifundo cha kukunja kinashika kitambaa tu. Mwenye kupenda kikoi avae kaptura yenye lupu na mkanda ndani yake, au ukanda mpana wa kunyumbuka wa tumboni wenye mfuko uliowekewa ganda la plastiki ngumu juu ya triga. Ukanda usio na ganda hilo ni nailoni ileile niliyoikataa. Kanzu inaficha kuliko vazi lolote, lakini bastola haifikiki bila kulipandisha lote, isipokuwa fundi aache tundu la kupitisha mkono kwenye mshono wa pembeni. Msikitini, anayeibeba nyuma ya nyonga itachora wakati wa kurukuu mbele ya safu nzima iliyo nyuma yake, na aliyeiweka mbele atasujudu kwa taabu. Heri aiache kwenye sefu nyumbani kabla hajatoka. Kuivua mlangoni na kuificha kwenye viatu ni jambo ambalo sitaki hata kulijadili.

Kina mama wenye leseni hukutana na shida hiyohiyo chini ya buibui, na wengi huishia kuiweka kwenye mkoba. Mkoba ukiporwa na wa pikipiki, bastola imekwenda. Ukanda wa tumboni wenye ganda gumu ni bora. Ikiwa ni lazima iwe mkoba, uwe na chumba chake cha peke yake chenye zipu na ala ngumu iliyofungwa humo, mshipi uvuke kifua, na usiwekwe sakafuni.

Garini, dereva wa huku huketi kulia, na mkanda wa usalama hutokea kulia kwake ukapita juu ya nyonga ileile yenye bastola. Upitishe sehemu ya chini ya mkanda chini ya pindo la shati badala ya juu yake, la sivyo shati linabanwa na umbo lote linajichora. Kwenye bodaboda, abiria aliye nyuma yako ataigusa. Afadhali panda peke yako. Ngazi za gati la Lamu maji yakitoka huteleza, na mtu hurukia mashua kwa mguu mmoja. Ala isiyoshika vizuri itaiachia baharini.

Chooni ndipo silaha nyingi hudondoka au husahaulika. Ukifungua mkanda, ala ya kibanio hulegea na bastola hupinduka kwa uzito wake, na choo cha shimo hakirudishi kitu. Usiitoe na kuiweka dirishani. Iache ndani ya ala, shusha suruali mpaka magotini tu, kisha ufunge bizimu ya mkanda tena hapo ili ubaki umekaza. Ukimaliza, shika ala na suruali pamoja unapopandisha.

Kuirudisha bastola ndani ya ala hakuna haraka. Kidole kinyooke juu ya fremu, yaani mwili wa bastola, nje ya kikingio. Mkono wa kushoto uvute shati mbali kabisa. Tazama kwa macho mdomo wa ala kama hakuna kitambaa wala uzi. Kisha ingiza taratibu. Ukihisi kizuizi simama, toa, tazama. Usisukume.

Jioni, ondoa ala na bastola yake kwa pamoja na uende navyo kwenye sefu. Huko ndiko uitoe, kwa utulivu. Futa chuma kwa kitambaa kikavu, kisha kingine chenye mafuta membamba ya silaha, hasa vichwa vya skrubu, vituo vya kulengea na mdomo wa magazini, kwa maana kutu ya pwani huanzia hapo. Mafuta yasizidi; yanashika mchanga.

Mwisho ni kwa mafundi wa ngozi. Tunao hodari, wanaoshona makubadhi yanayodumu, na mkanda wa ngozi mbili wanaweza kuutengeneza vizuri kuliko unaoagizwa. Mpe kipimo cha upana na cha kiuno chako ukiwa umevaa ala, kwa sababu hicho huzidi cha kawaida. Ala yenyewe ni jambo jingine, maana ngozi hulowekwa na kufinyangwa juu ya umbo la bastola, na baadhi ya watu huwaachia mafundi silaha yenyewe dukani hadi kesho yake. Fundi hana cheti. Kumwachia ni kosa kwako na ni hatari kwake. Mpe kielelezo cha mti au cha plastiki chenye vipimo vilevile, umwambie akaze ngozi ngumu pale kwenye triga, na kama ataweka kishikizo cha kupitia juu ya mpini, kiwe kifupi kiasi kwamba hata kikiwa wazi ncha yake haifiki kwenye kikingio.

Wako,
Mkufunzi wa shabaha,
Malindi.